Tupeane uzoefu: mnyama wa nyumbani kwako amekufundisha nini kuhusu kumfuata Yesu?

MwalimuWaJumamosi (Moshi)

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Naomba tupeane uzoefu juu ya jambo lililonikaa moyoni tangu masika. Ayubu 12:7 inasema, "Lakini sasa waulize hao wanyama, nao watakufundisha." Mstari huo nimeusoma miaka mingi nikiupita tu. Safari hii nimefundishwa hata kabla sijauliza. Naanza na yangu, ninyi mtaendelea.

Nina mbwa dume wa kienyeji, anaitwa Simba. Nilimchukua akiwa na miezi miwili kwa ajili ya ulinzi, maana wezi wa ndizi na kuku walikuwa wametuzidi. Nikamjengea banda, nikamchanja, na kila jioni nikawa nampelekea ugali wa dona uliochanganywa na dagaa au mifupa. Mchana anafungwa, usiku anafunguliwa. Kwa hesabu zangu nilikuwa bwana mwema. Katika miaka mitatu hakulala njaa hata siku moja.

Mwezi wa nne alikata mnyororo akatoka hadi barabarani, kule malori ya mchanga yanakopita kwa kasi. Nikamwita. Akageuka, akaniangalia, akaendelea na safari yake. Nikamwita kwa ukali, akaongeza mwendo. Nikachukua sahani yake nikaigonga kwa kijiko. Alisimama kidogo, akaona haina kitu, akaondoka. Ndipo binti yangu wa darasa la tano akatoka jikoni akapiga mluzi mdogo, wa chinichini. Simba akarudi mbio, akanipita bila kuniangalia, akaenda kulala miguuni pa mtoto.

Nikamwuliza, "Umemfundisha lini?" Akanijibu, "Sijamfundisha, baba. Huwa nakaa naye." Kumbe kila jioni akimaliza kazi za shule huketi kwenye kigogo kando ya banda, anasoma kwa sauti, anamtoa kupe, anamsimulia ya shuleni. Mimi nilikuwa naweka sahani na kuondoka.

Usiku ule sikulala vizuri, na aliyeninyima usingizi si mbwa. Mimi ni mwalimu wa kipaimara katika mtaa wetu, huu ni mwaka wa kumi na moja. Watoto huja kila Jumamosi kwa miaka miwili. Nawapa Katekisimu Ndogo ya Luther: Amri Kumi na maana zake, Imani, Baba Yetu. Wanakariri, nawasahihisha, saa sita wanakwenda kwao. Siku ya kubarikiwa wanavaa nyeupe, wazazi wanachinja, tunapiga picha. Jumapili inayofuata nusu yao siwaoni, na mwaka ukiisha waliobaki nawahesabu kwa vidole. Siku zote nimelaumu simu, nimelaumu bodaboda, nimelaumu wazazi. Usiku ule nikaona sahani mkononi mwangu. Kwa miaka kumi na moja nimewalisha watoto wa watu, wala sijakaa nao.

Asubuhi nikafungua Marko 3:14: "Akaweka watu kumi na wawili, wapate kuwa pamoja naye, na kwamba awatume kuhubiri." Kuwa pamoja naye kumetangulia kutumwa. Nilishahubiri mstari huo mara nyingi nikikazia kutumwa, na ile sehemu ya kwanza nikiiona kama mlango wa kupitia tu.

Wapendwa, ninyi mmejifunza nini kwa wanyama wenu? Mbwa, paka, kuku, punda, chochote kilicho nyumbani kwako. Simulieni lililowatokea ninyi wenyewe, tafadhali.

MamaMtumishi (Dar es Salaam)

Amina, mwalimu. Umenigusa. Yangu ni ya paka.

Wazee wetu walisema mbwa hufuata mtu, paka hufuata nyumba. Tulipohama kutoka Kimara kwenda Kibaha tulimweka paka wetu kwenye kapu, tukafika naye salama, na siku ya tatu hakuonekana. Baada ya wiki mbili jirani wa zamani akapiga simu: paka amelala kizingitini pa ile nyumba tuliyohama, amekonda, analia mlangoni kwa watu asiowajua. Nilimfuata mwenyewe. Mtu mmoja aliyewahi kufuga wengi akanishauri nimfungie ndani chumba kimoja majuma matatu, ale humo, alale humo, asikie sauti zetu humo, ndipo nimfungulie mlango. Nikafanya hivyo, na hakuondoka tena.

Miaka michache baadaye kanisa letu lilibomolewa kupisha upanuzi wa barabara. Tukahamia kwenye turubai, viti vya plastiki, vumbi, jua la saa tano. Zaidi ya nusu ya washirika hawakuja. Ni watu niliosali nao miaka ishirini! Nilipowatembelea, mama mmoja aliniambia akilia, "Dada, mimi bila ile madhabahu sijisikii kama nimesali." Sikumhukumu, kwa sababu mimi mwenyewe Jumapili ya kwanza nililia vilevile. Nilikuwa nimezoea benchi langu, dirisha langu, kona yangu ya kwaya. Nilijiuliza kwa hofu kabisa: hivi kwa miaka yote hii nimekuwa nikimfuata Bwana, au nimekuwa nikiifuata nyumba?

Na wale waliorudi walirudi kama yule paka wangu. Tuliacha kuwatangazia, tukaanza kukaa nao, nyumba kwa nyumba, chai na maandazi, mpaka wakazoea tena sauti.

FundiMbwa (Nairobi)

Bwana asifiwe, watu wa Mungu. Mwalimu, huyo binti yako anaijua kazi yangu kuliko vijana wengi niliowafunza. Nafundisha mbwa wa ulinzi, mwaka wa kumi na tisa sasa, kwa hivyo mniruhusu niseme kwa urefu kidogo.

Mbwa mpya akiletwa kwangu, wiki ya kwanza simpi amri hata moja. Mwenye mbwa hushangaa, anaona analipia bure. Mimi naingia bandani, naketi chini, namlisha kwa mkono, natoka naye, narudi naye. Nangoja kitu kimoja tu: siku ambayo kitu kitamshtua, pikipiki au mlango ukigongwa, na kabla ya kukimbia au kubweka atageuka kwanza kunitafuta uso. Siku hiyo ndipo mafunzo yanaanza. Kabla ya hapo naweza kumwambia "kaa" mara mia, atakuwa anasikia kelele tu.

Zaburi 32:8 niliielewa nikiwa bandani. "Nitakushauri, jicho langu likikutazama." Jicho haliwezi kumwongoza mtu asiyelitazama. Na mstari wa 9 unafuata hapo hapo: msiwe kama farasi wala nyumbu, ambao ni lazima wazuiliwe kwa lijamu na hatamu. Mbwa asiyekutazama usoni utamvuta kwa kamba maisha yake yote. Atakwenda, lakini shingo itakuwa na vidonda na mkono wako utachoka. Naona Wakristo wa aina hiyo, na nimekuwa mmoja wao: Mungu ananivuta kwa magonjwa na madeni kwa sababu kwa jicho siongozeki.

Jambo la pili ndilo gumu kwangu. Mbwa huunganisha jambo na kile alichokifanya sekunde moja au mbili zilizopita, si nusu saa iliyopita. Mtu anamwita mbwa wake, mbwa anazurura, anacheza na takataka za jirani, nusu saa inapita. Mwishowe anarudi. Bwana wake, kwa hasira, anampiga. Yeye anadhani amemwadhibu kwa kuchelewa. Mbwa ameelewa kitu kingine kabisa: nimerudi, nimepigwa. Kesho akiitwa atasimama mbali, ainamishe masikio, asisogee. Mwenyewe ataniambia, "Huyu mbwa ni mkaidi." Hapana. Umemfundisha wewe, na amejifunza vizuri sana.

Niliwahi kuanguka. Pombe, miaka minne. Nilipoamua kurudi kanisani, niliketi kiti cha nyuma kabisa. Kiongozi mmoja akanisimamisha mbele ya watu, akaeleza makosa yangu moja baada ya jingine, ndipo akasema karibu. Alinitakia mema, naamini hivyo. Lakini nilikaa miezi minane bila kurudi tena. Nililetwa na mama mkwe wangu, ambaye hakuwahi kunitajia pombe hata siku moja, alinipikia mukimo akasema, "Jumapili tutaenda pamoja." Luka 15:20, baba alimwona mwanawe angali mbali, akaenda mbio. Hotuba ile kijana aliyoitayarisha njiani, baba hakumwachia hata aimalize.

Tangu hapo nina sheria moja ambayo mwanafunzi wangu akiivunja namrudisha nyumbani: mbwa anayekuja kwako, hata akiwa amekuudhi namna gani, kuja kwake kupokelewe kwa furaha. Kosa tutalishughulikia kesho kwa mafunzo.

DadaWaKisangani

Yesu asifiwe, ndugu zangu. Kwetu nyumbani baba alifuga kasuku, wale wa kijivu wenye mkia mwekundu. (Leo msinunue, tafadhali. Tangu 2017 biashara ya kimataifa ya kasuku hao wa porini imekatazwa, wamekamatwa mno misituni kwetu.) Yule wetu alikuwa anasema "Bwana asifiwe" sauti moja na baba, hata kikohozi cha baba alikiiga. Wageni walikuwa wanamjibu "Amina" kabla ya kutazama.

Siku baba alipokufa, nyumba imejaa watu wanalia, kasuku akasema "Bwana asifiwe" kwa sauti ya baba, kisha akakohoa. Mama alitoka nje. Sijawahi kusahau. Sauti ilikuwa yake kabisa, na yeye hakuwemo.

Mimi naongoza sifa. Kila mara kabla ya kushika maikrofoni namkumbuka yule ndege, namwomba Mungu nisimpe sauti ambayo mimi mwenyewe simo.

MchungajiMstaafu (Mbeya)

Wapendwa, nimesoma kwa kunyenyekea. Niruhusiwe kuweka tahadhari ya mzee.

Maandiko hayampambi mbwa. Wafilipi 3:2, "Jihadharini na mbwa." Ufunuo 22:15, mbwa wako nje ya mji. Mithali 26:11, mbwa huyarudia matapiko yake. Pale ambapo ametajwa kwa wema kidogo ni kwa Lazaro, yule maskini, mbwa walipokuja wakamramba vidonda, na kwa yule mama Mkanaani wa Mathayo 15 aliyesema hata mbwa hula makombo yaangukayo mezani pa bwana zao. Huyu mama alishika neno lililoonekana kumfungia mlango, akalifanya liwe mlango.

Lakini hoja yangu kubwa ni Yohana 15:15. "Siwaiti tena watumwa, kwa maana mtumwa hajui atendalo bwana wake, lakini ninyi nimewaita rafiki." Mbwa atakufuata hata ukienda kuiba. Haulizi. Mwanafunzi wa Kristo ameambiwa yale Baba aliyoyasema, na anafuata akijua. Tusije tukawafundisha vijana kwamba mfuasi mwema ni yule asiyeuliza. Nimeona madhara ya mafundisho hayo katika miaka yangu ya utumishi: watu wameuza mashamba, wameacha dawa, kwa sababu walifundishwa kumfuata mtu kama mbwa anavyomfuata bwana wake. Katika hilo nasimama imara.

Hata hivyo Isaya 1:3 inanibana na mimi. "Ng'ombe amjua bwana wake, na punda ajua kibanda cha bwana wake, bali Israeli hajui." Mnyama ametajwa pale ili tuone haya.

MwalimuWaJumamosi

Asante sana, baba mchungaji. Nakubali, na nimeliandika hilo kwenye daftari langu la masomo. Nisingependa watoto wanifuate mimi kama Simba anavyomfuata binti yangu. Nataka wamjue Bwana kiasi kwamba siku nikipotoka mimi, wao wanione nimepotoka.

FundiMbwa, nimesoma habari zako mara tatu. Mke wangu nimemsomea pia.

MkatolikiWaSongea

Tumsifu Yesu Kristo. Kwenye Biblia yetu kuna kitabu cha Tobiti. Kijana Tobia anasafiri na malaika Rafaeli bila kumtambua, na imeandikwa kwamba mbwa alifuatana nao. Wanaporudi, mbwa yupo tena. Hakufanya muujiza wowote, hakubweka hata mara moja. Alikwenda, akarudi. Bibi yangu, aliyeuguza wagonjwa wa kijiji kizima, alikuwa akisema yeye ni yule mbwa wa Tobia. Ndilo tu nililotaka kulisema.

MamaWaVifaranga (Iringa)

Shalom. Kuku si wa kubembeleza kama mbwa, lakini wangu nawajua mmoja mmoja, kwa hiyo naomba nihesabiwe.

Mwaka jana kuku wangu aliatamia mayai kumi na mawili. Alipokaribia kutotoa, shemeji yangu mwenye mashine ya kutotolesha akanigawia vifaranga kumi. Nikawalea ndani ya boksi chini ya taa kama majuma matatu, kwa sababu ya baridi ya huku kwetu. Kuku naye siku ya 21 akatotoa tisa. Walipopata nguvu nikawaweka wote uani pamoja. Wanafanana, chakula kimoja, maji mamoja, usingewatofautisha.

Siku ya kwanza tu mwewe akazunguka. Kuku akatoa ile sauti yake, fupi na nzito, mnaoijua mnaifahamu. Wale tisa walizama chini ya mabawa kabla sijaona hata kivuli. Wale kumi wa taa waliendelea kudonoa. Walisikia, masikio wanayo, ila sauti ile haikuwa na maana kwao. Hawakuwahi kulala chini yake. Mwewe alichukua mmoja mbele ya macho yangu, na kesho yake mwingine.

Nilisimama na ufagio mkononi nikalia kwa ajili ya watoto wangu, si kwa ajili ya vifaranga. Watoto wangu nimewapa taa: shule nzuri, ada, nguo za Jumapili, Biblia za rangi. Mimi natoka saa kumi na moja kwenda sokoni, narudi wamelala. "Ni mara ngapi nimetaka kuwakusanya pamoja watoto wako, kama vile kuku avikusanyavyo vifaranga vyake chini ya mabawa yake," Mathayo 23:37. Tangu siku ile nafunga genge saa kumi na mbili kamili. Nimepoteza wateja wa jioni, ni hasara ya kweli, sitawadanganya. Tunakula pamoja, tunaimba wimbo mmoja, mdogo anaomba.

Mwalimu, swali dogo: watoto kukaa na mbwa hivyo, huogopi kichaa cha mbwa?

MwalimuWaJumamosi

Ni swali la maana, mama. Simba anachanjwa kila mwaka na kadi yake ninayo. Na watoto wote nimewaambia: ukiumwa na mbwa yeyote, hata kama ni mchubuko mdogo, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka robo saa nzima, kisha hospitali siku ileile. Usipake kitu, usifiche kwa kuogopa fimbo. Mithali 12:10, mwenye haki huufikiri uhai wa mnyama wake. Naongeza mimi: na wa jirani pia.

KijanaWaZamani

Sijui kama nina haki ya kuandika hapa. Nilibarikiwa kipaimara 2014. Nilikuwa wa kwanza kwenye kukariri, nikapewa zawadi. Nimeingia kanisani mara tatu tangu hapo, zote misiba. Hakuna aliyenikosea. Niliacha tu, na hakuna aliyegundua, au kama waligundua hawakusema. Leo ukiniuliza maana ya Amri ya Kwanza nitakutajia neno kwa neno.

Nina mbwa, nampenda. Nimesoma ya FundiMbwa nikiwa kazini nikashindwa kuendelea na kazi. Mtu akirudi baada ya muda huo anaanzia wapi?

FundiMbwa

Ndugu yangu, uko mji gani? Usijibu hapa, niandikie pembeni. Jumapili hatutaketi mbele, tutaketi nyuma, na sitakuuliza chochote.

MamaMtumishi

Mwanangu, ukiwa Dar es Salaam, chai ipo.

MkatolikiWaSongea

Mwalimu, hujatuambia. Simba siku hizi ukimwita anakuja?

MwalimuWaJumamosi

Nilianza kukaa kwenye kile kigogo mwezi wa tano, nusu saa kila jioni, baada ya kuomba ruhusa kwa binti. Mwezi mzima Simba alikuwa akinisogelea akinusa mikono kutafuta sahani, akikosa anaondoka kulala upande wa pili. Mwezi wa sita alilala karibu. Juzi alitoka tena getini, nikamwita kwa sauti ya kawaida. Alisimama, akaangalia barabara, akaniangalia. Akaja, polepole, nikampokea kama FundiMbwa alivyosema. Jana nilimwita hakuja.

Jumamosi darasa tumelihamishia nyumbani kwangu. Saa mbili za mwanzo tunapalilia migomba na kumenya ndizi, watoto wanasimulia, mimi nasikiliza. Katekisimu tunaifungua baadaye, na nusu saa inatosha. Saa sita hakuna anayeondoka, mke wangu analalamikia sufuria kuwa ndogo. Wiki iliyopita mmoja alibaki hadi saa tisa akiniambia habari za baba yake, jambo ambalo kwa mwaka mzima wa kukariri hakuwahi kuligusa. Simba alikuwa amelala mlangoni. Ilibidi wamruke kila walipotoka.